Jinsi ya kusoma majedwali ya zamani ya "mbari za binadamu" bila kudanganyika

Ukiingia kwenye historia ya wanasayansi wa zamani waliojaribu kugawa binadamu kwenye mafungu utakutana na majedwali mengi mno, majina ya Kilatini, michoro ya mafuvu, namba zimepangwa vizuri, na ukisoma harakaharaka unaweza kuamini kwamba jamaa kweli kapima. Usianze na hitimisho lake. Mi naanza hivi.

Hesabu kwanza mafungu. Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi wa kupanga viumbe, mwaka 1735 alikuwa na manne, yaani Ulaya, Amerika, Asia na Afrika. Blumenbach, daktari wa Kijerumani, naye alianza na manne mwaka 1775, baadae akafikisha matano. Darwin mwaka 1871 akaamua kukusanya hesabu za wenzake, akakuta huyu anasema 2, yule 5, mwingine 22, mwingine 60, hadi 63! Hapo tulia kidogo. Mipaka ingekuwepo kweli, watu makini namna ile wasingepishana kiasi hicho, na Darwin mwenyewe aliona kupishana huko kunaonyesha kwamba mafungu yanaingiliana, huwezi kuchora mstari ukasema hapa huyu kaishia na yule kaanzia.

Alafu chukua toleo la kwanza la kitabu na toleo la baadae uyaweke pamoja. Hii ndo hatua watu wanairuka na ndo yenye faida kuliko zote. Kwa Linnaeus, kitabu chake Systema Naturae, toleo la 1735 lina bara na rangi ya ngozi tu, basi. Fungua toleo la 10, la mwaka 1758, kila fungu limeshapewa hulka, tabia, mavazi, mpaka kinacholiongoza: Mwamerika desturi, Mwasia maoni, Mzungu sheria, Mwafrika matakwa ya ghafla tu. Na Mwasia kabadilika rangi, kutoka weusiweusi kawa wa manjano iliyopauka. Sasa jiulize, katikati hapo alienda wapi akaona nini? Hakuwahi kukanyaga Afrika, Asia wala Amerika. Zile hulka nne zimetoka kwenye nadharia ya kale ya waganga wa Kigiriki kuhusu majimaji manne ya mwili, kwa hiyo mabara manne, majimaji manne, vyumba vilishajengwa kabla ya wapangaji kufika. Inauma kusoma, lakini soma, usiruke hiyo mistari.

Ukifika kwenye mafuvu, ambayo waliyajaza punje ili kujua ukubwa wa nafasi ya ubongo, uliza walipima na nini, na namba walizifanya nini. Tiedemann, mtaalamu wa anatomia mjini Heidelberg, Ujerumani, alijaza mafuvu uwele mkavu, akachapisha mwaka 1836. Morton, daktari wa Philadelphia, Marekani, alianza kwa kujaza mbegu, na kitabu chake kikatoka 1839. Mbegu zina shida, ukitikisa fuvu zinashuka, ukikandamiza na kidole gumba zinaingia nyingine, ndo maana baadae Morton akahamia vigololi vya madini ya risasi. Ila jambo kubwa haliko hapo. Tiedemann aliangalia kuanzia fuvu dogo mpaka kubwa kwa kila kundi, akaona makundi yanafunikana, akasema hakuna tofauti ya kumfanya mtu awe duni. Morton akachukua wastani, akapanga wastani huo kama ngazi, nani juu nani chini. Kazi ni ileile ya kujaza na kumimina, mahitimisho mawili yasiyofanana kabisa. Kwa hiyo ukiona wastani peke yake, tafuta mdogo kabisa na mkubwa kabisa, ukivikosa usiamini ile ngazi.

Majina nayo yafuatilie. Hili "Caucasian", yaani watu weupe, ambalo hadi leo lipo kwenye fomu za watu, Blumenbach alilipa nguvu mwaka 1795, na fuvu alilolipenda kuliko yote lilikuwa la mwanamke wa Georgia, alilisifia uzuri. Uzuri! Hicho ndo kilikuwa kigezo. Lakini mpe haki yake, huyohuyo aliandika kwamba binadamu ni spishi moja na aina zake zinayeyukiana, ila waliomfuata walibeba jina wakaacha sentensi.

Na ukiambiwa "zama zile wote walifikiri hivyo", mtafute Anténor Firmin. Mtu wa Haiti, mwanachama wa Chama cha Anthropolojia cha Paris, mwaka 1885 alitoa kitabu cha zaidi ya kurasa 600 kutetea usawa wa binadamu, na hakutumia hasira tu, alichukua majedwali ya mafuvu ya wakubwa haohao akayalinganisha safu kwa safu, akaonyesha pale yanapogongana yenyewe kwa yenyewe. Msome sambamba nao, jedwali lao upande huu, ukurasa wake upande ule.