Kufundisha aina za volkano kwa shira, wanga na mchanga wa pwani

Mwanafunzi wa Unguja au Pemba hukulia juu ya jiwe la matumbawe. Kisima cha Makunduchi au cha Micheweni huchimbwa ndani ya jiwe lililojengwa na viumbe vya baharini, kwa hivyo volkano kwake ni mchoro wa ubaoni: pembetatu, bomba katikati, moto juu. Mchoro huo ndio unaoharibu somo, kwa sababu humfanya aamini kwamba volkano zote zina umbo moja. Somo lianzie jikoni, kwenye mnato, yaani jinsi kimiminika kinavyokataa kutiririka.

Urojo ukimwagika mezani hutambaa mpaka ukingoni. Haluwa hukaa pale pale ilipowekwa. Na haluwa ikiwa bado motoni, mapovu yake hupanda kwa shida, huvimba, kisha hupasuka na kurusha matone yanayomuunguza mpishi mkono. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, nayo hutofautiana hivyo hivyo, katika kutiririka na katika kuachia gesi. Kinachoiamulia zaidi ni joto na silika (muungano wa silikoni na oksijeni uliomo katika miamba mingi). Magma ya basalti ina silika kama asilimia 50, hutoka ikiwa na nyuzi 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi, na hutiririka. Ya raioliti hupita asilimia 70, joto lake ni nyuzi 700 hadi 850 hivi, na huwa nzito kiasi cha kuziba mdomo wa mlima.

Kabla ya kugusa vyombo, sahihisha kosa moja sugu: magma haitoki kwenye kiini cha dunia. Kiini cha nje, ambacho ni chuma kilichoyeyuka, kiko kina cha kilomita 2,900 hivi. Magma huzaliwa karibu zaidi, kwenye kina cha makumi ya kilomita hadi 100 na kitu, pale mwamba mgumu unapoyeyuka kwa sehemu. Huyeyuka kwa sababu shinikizo limepungua, kama chini ya Bonde la Ufa ambako gamba la dunia linavutwa na kukonda. Au kwa sababu bamba la bahari (kipande kikubwa cha tabaka gumu la nje la dunia) limezama na maji yake, na maji yakashusha joto la kuyeyukia, kama Indonesia. Au kwa sababu magma iliyokwisha kupanda imeipasha moto miamba ya juu yake.

Sasa vyombo. Kikundi cha wanafunzi watano kinahitaji bilauri 3 zinazopitisha mwanga na mirija. Bilauri ya kwanza tia maji. Ya pili tia shira: vikombe 2 vya sukari kwa kikombe 1 cha maji, chemsha dakika 10, kamulia ndimu kidogo isigande sukari, ipoe. Ya tatu tia wanga uliopikwa: vijiko 3 vya kulia kwa kikombe 1 cha maji. Uukoroge katika maji baridi kwanza. Ukiutia kwenye maji ya moto utafanya madonge na jaribio limekwisha. Pika huku unakoroga mpaka uwe mzito na uanze kung'ara, kisha uuache upoe kabisa. Mwanafunzi asipulizie kitu cha moto hata kidogo, na kila mmoja awe na mrija wake.

Wapulizie kwa nguvu ile ile. Majini mapovu hutoka mara moja bila kurusha kitu. Kwenye shira hupanda polepole. Kwenye wanga hakitokei kitu, mpaka ghafla povu moja kubwa linapasuka na matone kuruka nje. Waache walirudie hili mara tatu, nne, kwa kuwa hapa ndipo somo lilipo. Gesi ikipata njia, mlima hutoa lava (magma iliyofika nje) kwa upole. Ikinaswa, mlima hulipuka.

Maumbo hufuata yenyewe. Chukua kipimapembe. Mimina shira katikati ya sinia: hutandaa, mteremko ni mdogo mno. Hiyo ndiyo volkano ya ngao, ambayo miteremko yake kwa kawaida haifiki nyuzi 10. Mfano wa jirani ni Karthala, kisiwani Ngazija, mita 2,361. Usiwaambie wanafunzi kwamba volkano ya ngao hailipuki kamwe. Mwaka 2005 Karthala ililipuka na kumwaga majivu juu ya vijiji na matangi ya maji ya mvua. Maji yakikutana na magma hugeuka mvuke kwa ghafla, hata magma ikiwa nyepesi. Anayejua kinachotokea tone la maji linapoangukia mafuta ya moto hahitaji kuonyeshwa, na jaribio hilo lisifanywe darasani.

Halafu koni ya majivu na vijiwe. Kunja karatasi iwe faneli yenye tundu la sentimita 1, mimina mchanga mkavu wa pwani kutoka kimo cha sentimita 20. Pima mteremko: utapata kati ya nyuzi 30 na 35. Ongeza mchanga, kilima kinakua lakini pembe haipandi, kwa sababu unaozidi huporomoka. Mchanga wenye unyevu utakupa pembe ya uongo, kwa hivyo uanike juani kwanza. Parícutin ya Mexico ilianza hivi mwaka 1943 katika shamba la mahindi, ikazima mwaka 1952 ikiwa na kimo cha mita 424.

Kwa volkano ya tabaka, mimina mchanga nusu kikombe, mwagia juu yake vijiko 2 vya wanga uliobaki, rudia mara nne, acha ukauke hadi kesho yake, kisha kata kwa kisu. Tabaka zitaonekana. Umbo linakaribia kawa la kufunikia chakula: Meru ni hivyo, na Kibo ya Kilimanjaro pia. (Kilimanjaro ina vilele 3: Kibo, Mawenzi na Shira. Hiyo Shira haihusiani na shira ya sukari, na wanafunzi watauliza.)

Oldoinyo Lengai, karibu na Ziwa Natron, ipe nafasi yake peke yake. Umbo lake ni la tabaka, ila lava yake ina kaboneti badala ya silika, joto lake halizidi sana nyuzi 500 hadi 600, hutiririka karibu kama maji, hutoka nyeusi na kugeuka nyeupe ikipata unyevu wa hewa. Hata hivyo mwaka 2007 ililipuka kwa majivu. Mlima mmoja unaweza kubadili tabia.

Mlipuko wenyewe: siki na bikabonati ya soda hupendwa, na ukitaka kuvitumia, mililita 100 za siki ya asilimia 5 zinatosha kwa kijiko kimoja na nusu cha chai, kinachozidi hubaki chini bila kazi. Lakini kinachochemka pale ni kemia isiyokuwamo mlimani. Chupa ya plastiki ya soda ni mwalimu bora. Ikiwa imefungwa, gesi haionekani, imeyeyuka ndani. Itikise, ifungue nje ya darasa, mdomo ukielekea mbali na nyuso: shinikizo linashuka, mapovu yanazaliwa, yanasukuma kimiminika nje. Linganisha chupa ya baridi na ya vuguvugu. Kisha onyesha jiwe jepesi la kusugulia nyayo likielea kwenye ndoo. Matundu yake ni mapovu yaliyogandia humo. Mawe ya aina hiyo kutoka mlipuko wa Krakatau, volkano ya Indonesia, wa mwaka 1883 yalielea mpaka pwani ya Afrika Mashariki.

La mwisho ni kaldera, shimo kubwa linalobaki kilele cha volkano kinapodidimia baada ya magma iliyokuwa chini yake kutoka, kama Ngorongoro, yenye kina cha mita 600 hivi. Hapa puto ndilo ghala la magma. Pulizia puto mpaka liwe kama chungwa, lifunge kwenye mrija mwembamba wa mpira wenye kibanio, lizike beseni chini ya sentimita 4 za unga wa ngano mkavu. Achia hewa polepole. Uso utadidimia na kupasuka kwa duara. Ukizama bila nyufa, umeachia hewa kwa haraka au unga ni mchache. Usipozama kabisa, unga una unyevu na umejishikilia kama dari.