Kufungua ramune bila kuloa, na kuitoa gololi bila kuvunja chupa

Wiki iliyopita dada'angu alikuja Kobe kunitembelea, kaja na mwanawe wa miaka tisa, tukaenda kwenye matsuri, zile sherehe za mtaani za majira ya joto. Kitu cha kwanza mtoto kukiona ni beseni kubwa la maji ya barafu limejaa chupa za rangi ya bahari za ramune, soda ya Kijapani ambayo chupa yake inazibwa kwa gololi. Mjomba, ile gololi imeingiaje? Tukanunua tatu. Kabla sijafungua mdomo dada kashasukuma gololi na kuondoa mkono, nusu ya soda ikapanda juu ikaishia kwenye gauni lake. Kwa hiyo naandika hapa kila ninachokijua, maana ramune ukiifungua vibaya unaichukia bure, na ni kinywaji ninachokipenda kuliko soda zote za nchi hii.

Kwa asiyeijua: ni maji ya gesi, sukari, asidi ya sitiriki na harufu ya limau, basi. Siku hizi zipo za tikitimaji, stroberi na vingine vingi, mi naona anza na ile ya asili. Jina ni lemonedi ya Waingereza iliyopita kwenye ulimi wa Wajapani, kama sisi tulivyoichukua baiskeli tukaifanya yetu. Na hapa Kobe ndo kwake hasa: mwaka 1884 mfamasia mmoja Mskoti, Alexander Cameron Sim, alianza kuiuza kwenye mtaa wa wageni karibu na bandari. Duka lake lilikuwa namba 18, watu wakawa wanaiita soda yake kwa namba hiyo hiyo, kumi na nane. Miaka hiyo ya 1880 kipindupindu kilikuwa kinaua watu wengi Japani, na soda za gesi zikatangazwa kwamba zinakinga ugonjwa. Dawa ya kipindupindu haikuwa, ila watu walishaizoea na hawakuiacha tena. Mnara wa kumkumbuka Sim upo bustani ya Higashi Yuenchi, katikati ya mji, nikipita pale huwa nasimama kidogo.

Hatua ya 1: Chagua chupa na uipooze

Nunua ya kioo. Za plastiki tupu zipo na ni nyepesi, lakini hazishiki baridi, na ule mlio wa gololi kugonga kioo, kling kling, ndo nusu ya utamu wenyewe. Kwenye plastiki unasikia tak tak tu. Ipooze sana, masaa kadhaa kwenye friji au dakika ishirini kwenye maji yenye barafu, maana soda ya uvuguvugu lazima itoe povu hata ufanyeje. Usiiweke friza. Na usiitikise njiani.

Hatua ya 2: Toa kidude

Chana nailoni ya juu. Kwenye mdomo wa chupa utakuta kidude cha plastiki, Wajapani wanakiita tama-oshi, yaani kisukuma gololi. Kimeshikana na duara la plastiki, kibanyue, baki na kile chenye kijiti katikati.

Hatua ya 3: Sukuma, halafu USIACHIE

Weka chupa mezani au sakafuni, sehemu ngumu isiyoyumba. Usiishike hewani. Kijiti kikae juu ya gololi, kiganja juu ya kidude, sukuma chini kwa nguvu mara moja. Utasikia pop, gololi imeshuka. Hapo ndo wengi wanaharibu, wanafurahi wanaondoa mkono. Endelea kukandamiza, hesabu polepole mpaka kumi, povu litapanda na kushuka lenyewe, ndo uondoe.

Ukijua kwa nini iko hivi hutasahau. Zamani soda hii ilizibwa kwa koki, kwenye chupa zisizo na kitako cha kusimamia ambazo Wajapani walizifananisha na tango, ilibidi zilazwe ili koki ikae na unyevu, maana koki ikikauka inanywea na gesi inatoka. Halafu kuna Muingereza anaitwa Hiram Codd, mwaka 1872 alisajili chupa ambayo haina koki wala kizibo. Ndani ya mdomo kuna duara la mpira, ndani ya shingo kuna gololi. Kiwandani wanajaza soda kisha wanaipindua chupa kichwa chini, gololi inaanguka mpaka kwenye mpira, na gesi ya soda yenyewe inaisukuma na kuibana pale. Yaani kinachoziba chupa ni soda! Ukisukuma gololi unaiachilia gesi yote kwa mpigo, na usipoizuia kwa kiganja inabeba na kinywaji.

Hatua ya 4: Kunywa

Angalia shingo, kuna mabonde mawili upande mmoja. Yaelekeze upande wa kidevu chako. Ukiinamisha chupa gololi itaviringika ikaketi kwenye hayo mabonde na soda ipite juu yake. Ukiyaweka upande wa pili gololi inakuja mpaka mdomoni inaziba, unabaki unafyonza hewa. Kunywa kidogo kidogo, chupa nyingi ni mililita 200 tu.

Hatua ya 5: Kutoa gololi

Mwaka wangu wa kwanza hapa Japani hatua hii ilinila jioni nzima, kwa hiyo nitairefusha.

Nilikuwa na chupa ya kioo yenye mdomo wa plastiki wa bluu, nikaona wazi mdomo ule umefungwa kwa nyuzi kama kizibo cha chupa ya maji. Nikauzungusha kushoto kama tunavyofungua kila kitu duniani. Haukwenda. Nikatafuta kitambaa, haukwenda. Nikachukua koleo, nikabana kwa nguvu, plastiki ikaanza kukunjika na mkono ukachubuka, karibu masaa mawili. Mzee wa duka la pipi za watoto pale jirani ndo aliniambia kesho yake: zungusha KULIA. Chupa nyingi za ramune nyuzi zake ni za kinyume, kwa makusudi, ili watoto wasizifungue zikiwa bado na soda ndani. Kulia, ule upande ambao mkono wako unajua ni wa kufunga, ndo unafungua. Nilikuwa naikaza mwenyewe muda wote ule.

Kwa hiyo: maliza soda yote kwanza, suuza chupa kwa maji ya moto ya bomba maana sukari inanata kama gundi kwenye nyuzi, na joto linailegeza plastiki kidogo. Vaa glavu za mpira za kuoshea vyombo, hizo ni bora kuliko kifaa chochote. Koleo sikushauri hata kidogo, linaubana mdomo unakuwa yai, ukishakuwa yai hauzunguki upande wowote, na shingo ya kioo inaweza kupasuka mkononi mwako. Zungusha kulia taratibu, gololi hiyo.

Ila sio kila chupa. Kabla hujaanza kuhangaika soma lebo, kama kuna mshale umechorwa ufuate huo. Zipo ambazo mdomo wa plastiki umegongelewa tu kiwandani, hauna nyuzi, hiyo hata uzungushe mpaka kesho, iache. Na kuna zile za zamani za kioo kitupu kuanzia chini mpaka juu, ambazo sasa hivi ni adimu: gololi iliwekwa ndani kwanza, ndipo mdomo ukabanwa kioo kikiwa bado cha moto, kwa hiyo haitoki bila kuvunja. Usivunje! Chupa hiyo ina thamani kuliko gololi, watu wanazitunza kama urithi. Na hata ya kawaida usiivunje, vipande vya kioo ni vidogo na vinaruka mbali.

Tena kama nyumbani kuna mtoto mdogo ambaye bado kila kitu anapeleka mdomoni, gololi isimfikie. Ina upana wa kama milimita 17, inatosha kabisa kumkaba.

Ukishamaliza tenganisha, plastiki kwake na kioo kwake. Watu wa takataka hapa hawana mchezo.

Gololi kwa Kijapani ni biidama. Kuna wanaosimulia kwamba nzuri za kuzibia ziliitwa A na mbovu walizopewa watoto zikaitwa B, hadithi tamu, ila maelezo yaliyo na nguvu zaidi ni kwamba jina linatoka kwenye biidoro, neno la kale la kioo waliloachiwa na Wareno, vidro. Wareno hao hao waliotuachia sisi meza, leso na gereza. Nilivyomwambia dada akacheka, akasema kumbe tuna wajomba wamoja.

Mtoto yeye hakusikia hata neno. Alikuwa keshachora duara kwa kijiti kwenye mchanga wa bustani, kapanga gololi zetu tatu, anawaonyesha watoto wawili wa Kijapani jinsi ya kufyatua kwa kidole gumba vile wanavyocheza kwao Tanga. Hawakuwa na lugha moja hata kidogo. Baada ya dakika chache mmoja wao alikimbia kwa mama yake kuomba hela ya ramune, akarudi na chupa, akainyoosha kwangu nimfungulie.

Nikaiweka chini, nikasukuma, tukahesabu wote mpaka kumi, wao kwa Kijapani na sisi kwa Kiswahili.