Jinsi ya kupima uzito wa jarida la historia: mfano wa The Journal of African History

Mimi ni mkutubi wa chuo kikuu. Msimu wa kupandishwa vyeo ukifika, wahadhiri wa historia hunijia na swali lilelile: jarida nililochapishia makala lina impakti fakta (impact factor, wastani wa marejeleo kwa kila makala) ngapi? Namba nawapa, lakini siwaachi waondoke nayo peke yake, kwa sababu katika somo lao namba hiyo ikisimama yenyewe huwapunja. Nitaeleza ninavyofanya, nikitumia The Journal of African History, jarida lililoanzishwa na Roland Oliver na John Fage mwaka 1960 na linalochapishwa na Cambridge University Press.

Kwanza jua namba inahesabu nini. Impakti fakta ya mwaka fulani huhesabu mara ambazo makala za miaka miwili iliyotangulia zimerejelewa ndani ya mwaka huo, kisha hugawanya kwa idadi ya makala hizo. Tuseme jarida limetoa makala 40 kwa miaka miwili na zimerejelewa mara 32. Jibu ni 0.8. Sasa atokee mtafiti mmoja tu mwenye makala ndefu iliyorejelea kazi nne zaidi za jarida hilo: jibu linakuwa 0.9. Tanbihi nne za mtu mmoja! Kwenye majarida makubwa ya tiba, ambako marejeleo ni maelfu, nne hazionekani kabisa. Kwa hiyo kamati ikianza kulinganisha majarida mawili ya historia kwa tofauti ya desimali moja, waonyeshe hesabu hii kwenye karatasi.

Impakti fakta hutolewa na kampuni ya Clarivate, na kuiona kikamilifu huhitaji usajili wa chuo. Majarida yaliyokuwa kwenye faharasa yake ya sanaa na humanitia (masomo kama historia, fasihi na falsafa) pekee hayakuwa nayo hadi 2023, hivyo anayekudai namba ya 2015 ya jarida la aina hiyo anadai kitu ambacho hakikuwepo. Ukiletewa barua pepe ya jarida linalojisifia “athari ya kimataifa” kwa namba isiyotoka Clarivate, usitume makala yako huko kabla hujaongea na mkutubi.

Bila malipo unaweza kuona vipimo vingine viwili: CiteScore, inayotokana na kanzidata ya Scopus na kutazama miaka minne, na SJR ya SCImago, inayotazama mitatu na kulipa uzito zaidi rejeleo linalotoka kwenye jarida lenye hadhi. Zote mbili zinafaa kidogo zaidi kwa historia kuliko impakti fakta ya miaka miwili. Google Scholar nayo ina orodha yake ya majarida kwa miaka mitano, ila jarida lililotoa makala chini ya 100 katika kipindi hicho haliingizwi, na majarida mengi ya historia ni madogo kiasi hicho.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe, ile ninayoipenda. Mwaka 1967 John Iliffe, akiwa mhadhiri Dar es Salaam, alichapisha katika jarida hili makala “The Organization of the Maji Maji Rebellion”. Kwa hesabu ya impakti fakta, makala hiyo iliacha kulifaa jarida baada ya 1969. Lakini mwaka 1997 jarida lilelile lilichapisha makala ya Thaddeus Sunseri kuhusu njaa, nguruwe mwitu na wanawake wa Uzaramo, na 1998 ya Jamie Monson kuhusu miungano ya kisiasa Nyanda za Juu Kusini. Zote mbili ziliihoji picha ya Maji Maji kama vita vya umoja wa kitaifa. Miaka thelathini, na mjadala bado uko mezani! Huo ndio uzito wa jarida la historia.

Ufuatilie hivi. Andika kichwa cha makala kwenye Google Scholar ndani ya alama za kunukuu, halafu bofya kiungo cha chini yake kinachoorodhesha kazi zilizoirejelea. Pembeni chagua kipindi: tazama muongo mmoja mmoja, uone kama marejeleo yanafifia au yanaendelea. Kisha weka alama ya kutafuta ndani ya kazi hizo tu, uandike neno kama “Songea” au “Matumbi”, na utajua ni nani anaitumia kwa eneo gani. Ondoa zilizojirudia, Google Scholar huhesabu nakala moja mara mbili ikiwa kichwa kimeandikwa tofauti kidogo.

Baada ya hapo fungua kazi kumi na usome sentensi yenye tanbihi. Usiruke hatua hii. Kuna anayeitaja makala katika msururu wa majina nane, kuna anayeegemea ushahidi wake, na kuna anayebishana nayo kwa kurasa tatu. Kanzidata humpa kila mmoja moja. Mimi wa tatu ndiye ninayemtafuta, maana mtu habishani kurasa tatu na kitu kisicho na nguvu.

Tafuta pia kwenye Google Books. Wanahistoria huweka kazi yao kubwa ndani ya vitabu, na vitabu ndivyo kanzidata za kulipia huvikosa zaidi. Pitia vilevile hifadhi za tasnifu za vyuo vyetu.

Kwenye fomu usiandike “jarida lenye athari kubwa”. Andika namba, kanzidata ilikotoka, mwaka wake na tarehe uliyoitazama, halafu sentensi mbili kuhusu nani ameitumia makala yako na kwa hoja gani. Kamati ikishikilia namba ya jarida, waonyeshe Azimio la San Francisco la 2012 kuhusu tathmini ya utafiti, linaloshauri kutotumia kipimo cha jarida kama mbadala wa ubora wa makala moja moja.

Na ukiandika makala yako ijayo, rejelea pia Tanzania Zamani na majarida mengine ya nyumbani pale yanapohusika. Andika jina la jarida kamili, juzuu, namba ya toleo, mwaka na kurasa. Tanbihi iliyofupishwa ovyo mashine haiwezi kuiunganisha na makala yake, na mwenzako wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anakosa rejeleo alilostahili.