Raba mpya za kukimbia: namna ya kuzizoea bila kuumiza miguu

Juzi nimemsaidia shemeji yangu, kanunua raba nzuri tu, kazivaa Jumamosi asubuhi akaenda nazo moja kwa moja Coco Beach na kundi la jogingi, karudi anachechemea. Watu wengi wanadhani ukivumilia kiatu kitalainika chenyewe. Raba za siku hizi zinatoka dukani zimeshalainika, anayetakiwa kuzoea ni wewe, kwa hiyo fuata hivi.

1. Saizi. Jaribu jioni, maana mguu unavimba kidogo kutwa nzima, hasa kwa joto hili la Dar. Ukisimama, kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu paenee upana wa kidole gumba cha mkono. Basi.

2. Vaa ndani kwanza. Pika nazo, panda ngazi, saa moja leo na saa moja kesho. Soli ikiwa safi unaweza kurudi kubadilisha, ingawa maduka mengi yana kile kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi", so uliza kabla hujalipa.

3. Soksi. Za pamba achana nazo. Pamba ikishalowa jasho haikauki, ngozi inalainika, inasuguliwa, hapo hapo malengelenge. Tafuta za poliesta au nailoni zisizo na mshono mnene vidoleni, paka vaselini kidogo nyuma ya kisigino. Wapo watakaokwambia upake poda, kwa unyevu wa huku poda inageuka uji.

4. Kamba. Hapa soma taratibu, ndo palipotula muda.

Tatizo la shemeji lilikuwa kisigino kinapanda na kushuka ndani ya kiatu, akaona dawa ni kukaza kamba zote mpaka vidole vikafa ganzi. Sasa angalia raba yako juu kabisa karibu na kifundo, kuna tundu la ziada limekaa pembeni kidogo na wengi hawaligusi kabisa. Lile siyo urembo. Chukua kamba ya kulia iingize kwenye tundu hilo la kulia kutoka nje kwenda ndani, ila usiivute ikaisha, bakiza kitanzi kidogo. Kushoto vile vile. Halafu ncha ya kulia ipite kwenye kitanzi cha kushoto, na ya kushoto kwenye kitanzi cha kulia, uvute kuelekea chini, siyo juu kama ulivyozoea, maana ukivuta juu vitanzi havikazi. Utasikia kisigino kimetulia. Ndo ufunge kawaida.

Kabla ya kukaza gonga kisigino sakafuni ili kirudi nyuma kabisa. Kamba za karibu na vidole ziache zimelegea, kaza za juu tu. Ukisikia maumivu juu ya mguu, kamba isikatize juu ya hapo panapouma, ipandishe pembeni moja kwa moja mpaka tundu linalofuata. Na kama kiatu kimekuzidi saizi nzima usijidanganye na hii mbinu, katafute kingine.

Bado fundo. Ukimaliza angalia masikio yake yamelalaje. Yakilala kushoto na kulia, safi. Yakielekea vidoleni na kifundoni, litafunguka hata Daraja la Tanzanite hujalifikia. Rudia ule mkunjo wa kwanza kinyume: kama ulipitisha kulia juu ya kushoto, sasa pitisha kushoto juu ya kulia. Zile kamba za mpira za kutofunga mimi sizipendi hata kidogo.

5. Kuanza kukimbia. Dakika 15 au 20 zinatosha, kimbia kidogo tembea kidogo, na siku nyingine vaa za zamani. Uliza pia soli ya kisigino imezidi ya mbele kwa urefu kiasi gani, raba nyingi ni milimita 8 hadi 12 lakini zipo za 4 na zipo za 0, ukihama ghafla kutoka kubwa kwenda ndogo, shavu la mguu na mshipa wa nyuma ya kisigino ndo vinalipa gharama. Misuli ikiuma miguu yote miwili na kuisha baada ya siku mbili, kawaida. Ikiuma sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole, kwa mfano muundi, au unyayo ukikanyaga chini asubuhi, pumzika, isipoisha muone daktari.

Na usizizindue kwenye mashindano jamani. Watu wananunua raba za Kili Marathon wiki ya mwisho, wakianza kuteremka kutoka Mweka kurudi Moshi mjini vidole vinagonga mbele, kucha zinakuwa nyeusi.

6. Kufua. Usiziloweke kwenye sabuni ya unga na usizianike juu ya bati, gundi inaachia. Brashi, maji kidogo, jaza magazeti ndani, weka kivulini.

Za mtumba je? Soko la Karume zipo nzuri, ila raba ya kukimbia kwa kawaida inaishi kilomita 500 mpaka 800 na hujui mwenzio kaacha ngapi. Bonyeza soli kwa pembeni na kidole gumba, ikiwa ngumu au ina mikunjo mingi iliyolala, hizo vaa za kwendea sokoni.