Kabla hujatafuta wabunifu nje, jua nani anafuatwa mambo yakikwama

Kazi yangu ni kuzisaidia kampuni kutambua wafanyakazi wenye kipaji cha kutatua matatizo. Mara nyingi mkurugenzi hunipokea na orodha tayari: waliosoma sana, wanaojieleza vizuri kikaoni, mafundi wa slaidi. Naichukua, nashukuru, kisha naomba ruhusa ya kushinda stoo.

Nawe anzia huko, kwenye njia za panya. Kila mahali pa kazi yupo mtu aliyeona utaratibu rasmi unamchelewesha akajitengenezea wake. Karani ana jedwali lake la Excel ambalo idara nzima inalitegemea. Mtunza stoo amepaka rafu rangi ili vipuri vinavyofanana visichanganywe. Mtu wa mapokezi ana daftari la maswali ambayo wateja huyarudia kila siku. Hakuna aliyewatuma. Waombe wakuonyeshe, ila usiulize nani aliwapa ruhusa. Ukithubutu, daftari linarudi kwenye droo na hutaliona tena.

Kisha zungukia idara zote na swali moja: "Jambo likikwama, ukiacha bosi wako, unamfuata nani?" Andika majina. Linalojirudia kutoka idara zisizohusiana ndilo unalolitafuta, na mara nyingi halimo kwenye ile orodha ya mkurugenzi.

Wasikilize walalamikaji pia. Anayesema "mfumo huu ni mbovu" amechoka tu, mpe pole. Anayesema "fomu inafika kwa mhasibu kabla msimamizi hajasaini, ndiyo maana inarudishwa" ameshafanya nusu ya kazi bila kulipwa.

Ukishapata majina, achana na chemsha bongo za kwenye usaili. Zinapima nani amewahi kuzisikia. Mpe mtu tatizo la kweli, dogo, lenye mwenyewe anayeumia nalo, na wiki mbili za kulishughulikia. Usingoje jibu tu, tazama mwendo wake. Je, alikwenda kuona kazi inavyofanyika au alibaki mezani? Aliwauliza wanaoifanya? Toyota walizoea kuuliza "kwa nini" mara tano mfululizo, na utamtambua mwenye kipaji hiki kwa sababu haridhiki na "kwa nini" ya kwanza. Kubwa kuliko yote: alibadili wazo lake alipokutana na ushahidi? Mwerevu mwenye shingo ngumu ataigharimu kampuni.

Kulea ndiko kugumu. Wengi hukimbilia kutaja kampuni ya Kimarekani ya 3M na ile asilimia 15 ya muda wa kazi ambayo wafanyakazi huruhusiwa kuitumia kwa mawazo yao. Muda ni sawa, lakini kisa chenyewe kina funzo linalorukwa. Spencer Silver, mkemia wa 3M, alipata gundi yake dhaifu mwaka 1968, akawa anawaeleza wenzake ndani ya kampuni bila kujua itumike wapi. Aliyeipatia kazi ni mwenzake, Art Fry, mwanakwaya aliyechoshwa na vikaratasi vilivyodondoka kutoka kwenye kitabu chake cha nyimbo. Ndipo zikazaliwa Post-it, vile vikaratasi vya kubandika na kubandua, zilizouzwa kote Marekani mwaka 1980. Kwa hiyo usimfungie mbunifu wako chumbani na asilimia zake. Mkutanishe na watu wa idara nyingine wenye kero zao, tena mara kwa mara.

Sanduku la maoni silipendi, ila kama unalo, weka sharti: kila wazo lijibiwe ndani ya wiki moja. Linajaribiwa, au halijaribiwi na sababu ni hii. Mtu huvumilia kukataliwa. Kimya ndicho humfunga mdomo. Wazo likifanya kazi, litangazwe kwa jina la aliyelileta, si la mkuu wake.

Mkuu huyo naye ana haki yake. Ukimchukulia mfanyakazi wake bora saa nne kwa wiki huku malengo yake yakibaki yaleyale, atapiga vita mpango wako kimyakimya, nami simlaumu. Mpunguzie malengo kwa maandishi.

Halafu kuna mtego wa cheo. Kampuni humpandisha huyu bingwa kuwa meneja, akaishia kusaini fomu za likizo. Muulize kwanza. Wapo wanaoutaka umeneja kwa dhati, na wapo wanaotaka nyongeza ya mshahara tu na kuachwa karibu na mashine. Andaa ngazi ya mshahara kwa ajili ya hao wa pili kabla hujamwita yeyote ofisini.