Walzi kwenye fidla: kazi iko mkono wa kulia

Walzi, muziki wa dansi, ina mapigo matatu katika kila kipimo, ilhali upinde una njia mbili tu: kuvuta na kusukuma. Ukipiga kila pigo kwa mwendo wake, kipimo kimoja kitaanza kwa kuvuta na kinachofuata kwa kusukuma. Pigo la kwanza, ambalo ndilo linalombeba mcheza dansi, litatoka zito hapa na jepesi pale.

Kwa hiyo vuta mapigo mawili, sukuma la tatu. Jaribu kwenye uzi wa D mtupu, yaani usiobonyezwa kwa kidole, metronomu (kifaa cha kuhesabia mapigo) ikiwa 80 kwa dakika. Kasoro itajitokeza papo hapo: pigo la tatu linapayuka. Upinde ulioshuka sentimita 20 kwa mapigo mawili sasa unarudi sentimita zilezile kwa pigo moja, yaani kwa kasi maradufu, na kasi huongeza sauti. Usikimbilie kufupisha mwendo wa kusukuma; baada ya vipimo vichache utajikuta umeishia nchani. Punguza uzito badala yake. Legeza kidole cha shahada unaposukuma, upinde uteleze kidogo kuelekea ubao wa vidole, kisha kidole kikandamize tena pigo la kwanza linapoingia. Rudia hadi la tatu lisikike kama pumzi kabla ya la kwanza. Mengine yote hayafai kitu kabla hili halijakaa.

Kuunganisha kipimo kizima kwa mwendo mmoja kunapendeza, ila fanya kwa jozi, kimoja cha kuvuta na kimoja cha kusukuma, ili kinachofuata kianze tena kwa kuvuta. Mapigo ya pili na ya tatu mwachie mpiga gitaa ayatie alama.

Katika ufunguo wa D, uzi wa D mtupu hunoga chini ya melodi iliyo kwenye uzi wa A. Gitaa likihamia kodi ya A kuu, uachie uzi huo mara moja, maana unagongana na noti ya C# iliyo ndani ya kodi hiyo. Kidole cha kuteleza kianze nusu toni chini, kabla ya pigo, kifike pigo likilia. Kikianza kuteleza kwenye pigo lenyewe, wimbo mzima unachelewa. Kuteleza mara mbili kwa kila sehemu kwatosha.

Kwa dansi, mapigo 100 hadi 120 kwa dakika yanafaa. Kwenye mashindano mengi ya fidla Marekani, ambako walzi ni sehemu ya lazima, wapigaji huenda taratibu zaidi, na hapo ndipo pigo la tatu lililopayuka husikika kuliko kokote.