Kuandaa kiraka cha msimbo na kukisasisha: kutoka toleo la kwanza hadi la pili

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua kuandika msimbo, ameona hitilafu kwenye programu huria anayoitumia, akairekebisha kwenye kompyuta yake, kisha akabaki anajiuliza: sasa haya nayafikishaje kwa wenye mradi? Jibu letu ni kiraka (patch): faili lenye mabadiliko yako tu, ambalo wenye mradi huliingiza kwenye msimbo wao. Tutatumia Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya kernel ya Linux.

Mfano wetu uwe wa huku huku Mtwara. Chukulia kuna programu inayosoma uzito kutoka kwenye mizani ya kidijitali, kama zile za maghala ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) msimu wa korosho. Mizani moja inatanguliza nafasi mbili tupu kabla ya 79.5, na programu inaandika 0. Gunia lipo, uzito haupo. Mkulima hatakuelewa.

Hatua ya 1: Chukua msimbo, fungua tawi

Ukiwa na mtandao mzuri, chukua repo nzima, yaani msimbo wa mradi pamoja na historia yake, kwa `git clone`. Najua bando linauma, na `--depth 1` inashawishi kwa sababu inashusha kidogo tu, ila inakata historia na itakusumbua mbele ya safari. Ukishakuwa na repo nzima, karibu kazi yote ya Git inafanyika bila intaneti. Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, mwenye repo kamili aliendelea na kazi zake.

```
git switch -c mizani-nafasi origin/main
```

Tawi ni njia ya kazi ya pembeni, isiyogusa msimbo mkuu. Usifanye kazi kwenye tawi kuu, `main`. Miradi mingine huliita `master`, basi badilisha jina hapo.

Hatua ya 2: Rekebisha jambo moja tu

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Umefungua faili kurekebisha nafasi tupu, ukaona jina la kigezo limekosewa, ukalibadilisha. Ukaona mistari haijapangwa, ukaipanga. Ni sawa na kuchanganya korosho za daraja la kwanza na la pili kwenye gunia moja, halafu utegemee bei ya daraja la kwanza. Mhakiki anayetafuta mistari yako mitatu ya maana ndani ya mistari mia iliyosogezwa atakiweka kiraka pembeni. Yale mengine yafanyie viraka vyake.

Tumia `git add -p` uchague kipande kwa kipande, kisha `git diff --cached --check` ikuoneshe nafasi zilizobaki mwishoni mwa mistari.

Hatua ya 3: Andika ujumbe wa komiti

Komiti ni badiliko lililohifadhiwa kwenye historia ya Git pamoja na maelezo yake. Andika `git commit -s`. Hiyo `-s` inaongeza mstari wa Signed-off-by wenye jina na baruapepe yako. Kwenye miradi kama Linux, mstari huo ni tamko kwamba una haki ya kuutoa msimbo huo, kwa hiyo usiuchukulie kama pambo.

Miradi mingi inataka ujumbe wa Kiingereza. Nauweka kwa Kiswahili tuone umbo lake:

```
mizani: ruka nafasi tupu kabla ya uzito

Baadhi ya mizani hutanguliza nafasi tupu kabla ya
tarakimu. Kisomaji huzichukua kama mwisho wa namba na
kurudisha sifuri, hivyo gunia huandikwa bila uzito.
Ruka nafasi hizo kabla ya kuanza kusoma tarakimu.
```

Mstari wa kwanza uwe mfupi, herufi kama 50. Chini yake eleza tatizo na sababu yake. Msimbo wenyewe unaonesha umefanya nini. Kisichosomeka humo ni kwa nini.

Hatua ya 4: Toa kiraka, kijaribu pasafi

```
git format-patch -1 --base=origin/main
git worktree add --detach ../jaribio origin/main
cd ../jaribio
git am ../mradi/0001-*.patch
```

Badala ya `mradi` weka jina la folda yako. Kikikubali kuingia, endesha majaribio ya mradi humo humo. Faili ulilosahau kuliongeza kwa `git add` huumbuka hapa, kabla halijakuumbua mbele ya watu.

Usinakili kiraka na kukibandika kwenye baruapepe. Programu nyingi za baruapepe hugeuza tabo kuwa nafasi na kukata mistari mirefu, na kiraka kikifika hakiingii tena. Tuma kwa `git send-email`, ukianza na `--dry-run` uone kinakwenda kwa nani. Kama mradi unapokea kwa njia nyingine, faili lake la CONTRIBUTING au SubmittingPatches litakuambia. Lisome kwanza.

Kabla ya kutuma, rudi kwenye folda yako (`cd ../mradi`) na uweke alama: `git tag mizani-v1`. Utaihitaji sasa hivi.

Hatua ya 5: Toleo la pili

Majibu yamerudi. Mhakiki anasema: vipi kama mizani inatuma tabo badala ya nafasi? Ana haki. Wanaoanza huongeza komiti mpya juu ya ile ya zamani, "rekebisho la rekebisho". Kwenye miradi ya viraka hilo halitakiwi: komiti ya kwanza yenyewe ndiyo inayoandikwa upya.

```
git commit -a --amend
git fetch
git rebase origin/main
```

Ukiwa na komiti kadhaa, tumia `git commit --fixup` ukitaja komiti inayohusika, kisha `git rebase -i --autosquash origin/main`, kila rekebisho likae mahali pake. Rudia majaribio, maana msingi umebadilika. Halafu:

```
git format-patch -1 -v2 --base=origin/main --range-diff=mizani-v1
```

Kwa komiti moja, `--range-diff` inaambatanisha tofauti ya toleo la kwanza na la pili ndani ya kiraka. Fungua faili, na chini ya mstari wa `---` ongeza maneno yako: "v2: tabo nazo zinarukwa, jaribio jipya limeongezwa." Yaliyo chini ya mstari huo mhakiki anayasoma, lakini hayaingii kwenye historia ya mradi. Mtu aliyesoma kazi yako juzi hataki kuisoma upya yote ili agundue umegusa mistari miwili. Mimi huliona hili kuwa nusu ya kazi nzima.

Kila hoja aliyoitoa ijibu, hata usiyokubaliana nayo. Ukinyamaza, ataona humsikilizi.

Hatua ya 6: Subiri

Kimya cha siku tatu si kukataliwa. Wahakiki wengi wanajitolea. Ikipita wiki moja au mbili, kumbusha kwa sentensi moja ya adabu.

Kikipokelewa, `git fetch`, kisha `git cherry -v origin/main mizani-nafasi`. Alama ya kutoa mbele ya komiti yako inamaanisha badiliko hilo hilo limeshaingia. Kama mtunzaji alikigusa kidogo, utaona alama ya kujumlisha, basi litafute kwa `git log --author`. Lifute tawi kwa `git branch -D`. `-d` ndogo inaweza kukataa, kwa sababu komiti iliyoingia kwao ina namba tofauti na ya kwako.